Kabalo ya Mlangoni

Kwa miaka kadhaa ya ujana wangu niliishi katika nyumba ambayo, ili uingie chumbani kulala, ulipaswa kwanza kuomba ruhusa ya kuinua daraja la Lualaba. Nikiwaambia wajukuu wangu hivyo wanatazamana, na yule mkubwa huniuliza kama nimekunywa dawa zangu. Nimekunywa. Daraja lilikuwepo, na mimi nililiinua kila siku, kitenge kiunoni na ndoo mkononi, huku nikimnung'unikia fundi aliyelibuni, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa baba yangu mzazi.

Baba alikuwa shefu wa gare, yaani mkuu wa stesheni ya treni, ya Kalemie enzi za Zaire, miaka ile treni zilipoanza kuwa adimu. Mafuta yalikosekana, injini zilizeeka bila kupata vipuri, na kila masika mto Lukuga ulikula kipande kingine cha tuta la reli. Kulikuwa na wiki ambazo baba aliamka, akavaa koti lake la bluu lililopigwa pasi, akaweka kepi kichwani, akashuka hadi gareni, akasimama na saa mkononi, kisha akarudi nyumbani kula. Hakuna kilichofika na hakuna kilichoondoka. Mama, aliyekuwa akianika ndagala, wale dagaa wa ziwani, uani na kuwauza sokoni, aliivumilia hali hiyo mpaka baba alipoanza kuongoza sahani mezani: ya mchuzi isije kabla ya bukari, yaani ugali, kupita. Hapo mama akamwambia atafute kazi ya mikono.

Akaipata sebuleni kwetu. Aliokota mbao za dari zilizotupwa, akaziweka juu ya makreti matupu ya bia kuzunguka kuta zote, kimo cha goti. Juu yake akajenga njia nzima ya reli kutoka Kalemie hadi Kabalo, pamoja na gare za Niemba na Nyunzu katikati, na mto Lukuga, na lile tuta lililoliwa. Reli zilikuwa mikanda ya chuma ya kufungia marobota ya vitenge. Mataruma ya chini yake yalikuwa vijiti vya matete alivyovikata kimoja kimoja. Kokoto alizipondaponda kwa nyundo, na bibi yangu, yaani mama yake baba, akazichekecha kwa chekecheo la unga, akilalamika kwamba alizaa mtoto wa kiume ili amlishe uzeeni, na sasa mtoto anampa mawe. Madaraja yalikuwa sipoku za baiskeli. Ziwa Tanganyika lilikuwa kioo cha kabati la mama. Mama aligundua siku alipotaka kufunga kilemba aende kanisani, akakuta kabati lina mbao tupu, ikabidi apige magoti bandarini ajitazame ziwani.

Treni ya abiria haikuwepo. Baba alisema abiria ni kelele, uhai wa reli ni mizigo. Injini yake ilikuwa kopo la margarini lenye mota ya radio-kaseti na betri za tochi, na ilipotembea iliguna. Mabehewa yalikuwa makopo ya sadini. Behewa la mafuta lilikuwa chupa ya wino iliyolala chali, na ndani yake mlikuwa na mawese kweli. Saruji ilikuwa saruji ya kweli ya kiwanda cha Kabimba, kijiko cha chai kwa kila behewa. Taabu ilikuja kwenye ndagala. Baba alimpakia ndagala mmoja, akajaza behewa zima, na mkia ukatokeza nje. Kwa kipimo cha sebule ile, samaki huyo alikuwa sawa na mamba. Baba akamwomba mama amtafutie ndagala wadogo zaidi.

"Ndagala mudogo kupita huyu njo wa namna gani?" mama aliuliza. "Basi ungojee wazaliwe."

Mwishowe baba akawatwanga wakawa unga, akapakia, na paka akala shehena yote kati ya Niemba na Nyunzu. Baba akafanya uchunguzi. Alimweka paka juu ya kiti, akavaa kepi, akamsomea kosa lake. Paka akajilamba makucha. Baba akatutangazia kwamba mtuhumiwa amekataa kujibu.

Haya yote ningeyasamehe, kama si zile sheria mbili zilizokaribia kunikosesha mume.

Sheria ya kwanza ilisema treni ya sebuleni hufanya kile inachofanya treni ya kweli. Treni ya kweli ikiondoka Kalemie, baba alirudi nyumbani mbio aiondoe ya kwake. Ikiharibika Nyunzu, ya kwake ilisimama Nyunzu, hata kama betri zilikuwa mpya. Habari zote alizipata gareni, kwenye simu ya reli. Majirani waliokuja kutazama treni ikitembea walikaa, wakapewa chai, wakaitazama treni imesimama, wakaaga. Wengine walirudi kesho yake kuona kama ingali imesimama, wakasifu jinsi inavyofanana na ile ya kweli.

Sheria ya pili ilikuwa ya njia moja. Pale ambapo reli ni moja tu, treni haiingii kipande cha njia kabla shefu wa gare ya mbele hajaulizwa na kujibu kwamba njia iko wazi, la sivyo treni mbili zitagongana uso kwa uso. Sisi tulikuwa na treni moja, na haikuwa na wa kugongana naye, lakini baba alisema kazi ni kazi. Kwa hiyo kila gare ilipewa shefu. Baba alishika Kalemie, dirishani. Bibi alipewa Niemba kwa sababu kiti chake kilikuwa kwenye kona ile. Mama akapata Nyunzu, karibu na mlango wa jikoni. Mimi nilikuwa Kabalo, kwa kuwa Kabalo ilikaa mlangoni mwa chumba changu, na kando yake, pale pale nilipopitia, ndipo palipokuwa na lile daraja la kuinuliwa, la mto Lualaba.

"Kabalo, njia iko wazi?" baba alikuwa akiuliza kwa sauti ya mtu aliye kwenye simu mbovu, ingawa angeweza kunigusa kwa mkono.

"Njia iko wazi," nilijibu, na treni ikaja.

Na hakuna aliyeruhusiwa kumjibia mwenzake. Siku moja bibi alisinzia Niemba, treni ikamngojea Kalemie mpaka alipoamka. Mama alisema anaiona njia yote kwa macho yake na haina kitu ila nzi. Baba akamwambia kwa upole kwamba shefu wa Nyunzu hana mamlaka Niemba.

Nilipompata mchumba, sifa yake ya kwanza kwangu ilikuwa kwamba hakujua lolote kuhusu treni. Alikuwa muuguzi. Alikuja Kalemie kumalizia mafunzo, naye alizungumza habari za sindano, homa, na watoto wanaokataa vidonge. Nilimpenda upesi na sikuona haya. Alipopangiwa kazi kwao Kabalo, aliniambia atawatuma wazazi waje nyumbani kwetu kubisha hodi, kisha akaongeza, kama jambo dogo tu, kwamba baba yake ni shefu wa gare ya Kabalo. Niliketi chini kwenye vumbi nikacheka mpaka akaogopa.

Kwetu kijana haji kujiombea mke. Wazee wake huja na vitu, hukaribishwa, hukalishwa, huulizwa habari ya safari, na baada ya hapo ndipo neno la ndoa linaweza kutamkwa. Kabla ya kukaribishwa hakuna neno. Waliotumwa walikuwa baba yake na shangazi yake. Treni ya abiria ilikuwa imefutwa, kwa hiyo walipanda ya mizigo, wao kwenye behewa la wahudumu mwishoni, na mbuzi na vitenge vya kuja kunibishia hodi kwenye behewa la mbele. Mchumba wangu, aliyekuwa ameshaanza kazi, alitangulia akawangojea Kalemie, kwa rafiki yake karibu na bandari, na likizo yake ilikuwa fupi.

Treni ikafika Niemba, injini ikafa. Injini nyingine ilipaswa kutoka mbali. Baba alirudi kutoka gareni na habari hiyo, akaisimamisha treni yake mbele ya miguu ya bibi, akaenda kula. Siku zikapita. Kule Niemba ya kweli shangazi akachoka. Alikuwa mwanamke mwenye mwili na maamuzi. Alisimamisha lori la unga wa mihogo, akampandisha kaka yake kwa kumsukuma, na jioni moja wakaingia uani kwetu weupe kwa unga mpaka kope. Mbuzi na vitenge vilibaki kwenye behewa.

Mama akapiga vigelegele. Mimi nilikimbilia jikoni, nikachungulia mlangoni. Baba alitoka akawapa mkono vizuri, akawaingiza sebuleni. Mama alikuwa ameshavuta viti. Hapo nikamwona baba anatazama kona ya bibi, kisha anawatazama wageni, na uso wake ukajaa mashaka.

"Karibuni," alisema. "Lakini kwa sheria ya kazi, ninyi hamuyafika bado. Treni yenu iko Niemba, na ninyi muko Niemba."

Nilitamani sakafu inimeze. Shangazi alimgeukia mama, mama akayaelekeza macho yake darini. Nilimngoja yule mzee akasirike, na nadhani kama angekuwa seremala au mvuvi angekasirika, tungeombana radhi na mambo yangeendelea. Lakini alikuwa mtu wa reli. Alivua kofia yake, unga ukamwagika mabegani.

"Shefu ana haki," alisema. "Mimi nilimukataza huyu dada tusishuke."

Akauliza Niemba iko upande gani. Baba akamwonyesha. Mzee akaenda akaketi mkekani kando ya kiti cha bibi, akamwita dada yake naye aje Niemba. Naye akaenda, akivuta pumzi kwa pua.

Basi wakakaa Niemba. Walikula Niemba, walilala Niemba, na asubuhi walinawa Niemba kwa beseni nililowapelekea. Baba hakuweza kuzungumza nao ana kwa ana kwa kuwa yeye alikuwa Kalemie. Alisimama dirishani akawaita kwa sauti ya simu, akiuliza habari za huko, na yule mzee alijibu kwa sauti hiyo hiyo kwamba hakuna jipya. Waliokuwa wakizungumza hivyo walitenganishwa na meza ndogo yenye kitambaa cha kufuma. Bibi, akiwa shefu wa Niemba, aliona kwamba sasa ana watu chini yake, akawapa chekecheo na ndoo ya kokoto. Shangazi alichekecha huku akinitazama kila nilipopita na sinia. Alinitazama mikono, miguu, na namna ninavyoinama, lakini hakuweza kuniambia neno, kwa sababu tulikuwa hatujakutana.

Nilimkuta mchumba wangu kwenye bomba la maji. Aliniuliza mazungumzo yamefika wapi. Nikamwambia wazee wake wako Niemba. Akasema hapana, amewaona kwa macho yake wakiingia kwetu. Nilimwomba asibishane nami, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuelewa, na hilo lilinitisha. Akaniambia likizo inakwisha, na kazini hawatamngoja. Kisha akasema lile nililolijua tayari: shangazi alikuwa na binti aliyemchagulia kule Kabalo, mtoto wa jirani yake, mpole, asiye na mdomo kama wangu. Yeye akirudi bila mimi kuombwa, shangazi atafanya lake. Nilirudi nyumbani na ndoo nusu, nyingine niliimwaga njiani kwa hasira.

Ni uchovu wa kukaa uliotuletea balaa. Yule mzee hakuzoea kukaa bure, akamwomba baba, kwa sauti ya simu, ruhusa ya kukagua njia. Baba akampa kwa furaha. Mzee akaenda kwa magoti kutoka Niemba hadi Nyunzu, akipapasa reli, akinusa gundi. Alisifu kokoto. Alisifu daraja la sipoku akasema la kweli halijanyooka vile. Mama, pale Nyunzu, alimpa kipande cha muhogo, akashukuru akaendelea. Baba alimfuata nyuma akijifanya hatabasamu. Nilikuwa mlangoni kwangu, nikaanza kuamini kwamba wanaume hawa wawili wataoana wenyewe na kutuacha sisi. Mzee akavuka Lualaba, akafika Kabalo, akaligonga kwa kidole kopo la maziwa lililosimama kwa miguu ya waya.

"Tanki ya maji iko mukono wa kushoto," alisema.

"Njo pale," baba akajibu.

"Kabalo tanki iko kuume. Ninaiona kila asubui."

Baba alilijua hilo. Lakini fundi aliyetujengea nyumba alikuwa amefunga mlango wa chumba changu kinyume, ukifungukia sebuleni, na kila ulipofunguliwa uliliangusha tanki. Kwa hiyo baba alilihamishia kushoto. Alieleza hayo kwa aibu. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akikiri kwamba kuna kitu sebuleni si cha kweli.

"Sasa Kabalo inaendeshwa na mulango?" mzee aliuliza. Alisimama, magoti yakalia. "Muntu anayesogeza tanki sababu ya mulango, kesho atasogeza neno alilotupatia."

Baba akajibu kwamba mtu aliyeitelekeza treni yake akapanda lori la mihogo hana la kumfundisha mtu kuhusu tanki. Nilijua hapo tumekwisha. Mzee akasema hakuna ndoa, wanarudi Kabalo. Baba akamuuliza wanarudi kwa treni gani. Treni ilikuwa Niemba na injini yake imekufa. Mzee akarudi kwenye mkeka wake, akaketi akiutazama ukuta. Shangazi, kwa mara ya kwanza tangu afike, akatabasamu.

Nililia. Nasema wazi, nililia kama mtu aliyefiwa, na kila nilipotaka kutoka kunawa uso nilikumbuka kwamba lazima niombe daraja kwa baba, nikalia tena kwa hasira. Sikulilia mume peke yake. Nililia kwa kuwa wazee wawili wenye akili timamu walikuwa wakinipoteza kwa ajili ya kopo la maziwa lenye miguu ya waya, na katika nyumba nzima hakuna aliyeona ni kichekesho.

Asubuhi wote wawili walienda gareni, kwa mazoea tu. Walienda bila kusemezana, mmoja upande huu wa barabara na mwingine upande ule. Nilitoa bisibisi kwenye sanduku la baba nikaanza kufungua bawaba za mlango wangu. Kucha zilinikatika. Bibi aliinuka kitini, akaushika mlango usianguke, akaniuliza kama ninajua ninachofanya. Nikamwambia ninajua. Mama akatokea jikoni, akatazama. Alishika upande wa pili, tukaubeba mlango juu ya Lualaba, tukautoa hadi uani. Mama akaulaza juu ya mawe, akaupangusa, akaanza kumwaga ndagala juu yake. Alikuwa akitafuta ubao wa kuanikia tangu mwaka uliotangulia.

Waliporudi, baba alisimama katikati ya sebule. Chumba changu kilikuwa wazi kwa kila mtu: kitanda, viatu, nguo ya ndani juu ya msumari niliyosahau kuiondoa. Upande wa kulia wa Kabalo hapakuwa tena na kitu cha kuangusha tanki.

"Na utalala namna gani bila mulango?" aliniuliza.

"Nitalala kwa bwana yangu, Papa."

Binti hasemi maneno hayo mbele ya baba mkwe. Shangazi alifunika mdomo kwa kiganja. Nami sikuinamisha kichwa. Baba alivua kepi, jambo ambalo hakulifanya kamwe akiwa sebuleni, akaishika kwa mikono miwili muda mrefu. Kisha akaenda Kabalo, akapiga magoti, akalibandua tanki kwa kisu. Yule mzee alimtazama kutoka mkekani. Baba alilishika tanki hewani upande wa kulia, akilisogeza huku na huku bila kuuliza, na mwishowe mzee hakuweza kuvumilia. Alitoka Niemba, akapiga magoti kando yake, akamshika mkono.

"Kidogo tena," alisema. "Pale."

Keshokutwa yake honi ilisikika upande wa Lukuga. Baba alikimbia gareni na koti wazi, akaipokea treni ya kweli kwa utaratibu wake wote, akakimbia nyumbani akihema. Bibi akaiachia treni kutoka Niemba. Kopo la margarini likaguna, likaburuta sadini zake mpaka dirishani. Hapo ndipo baba aliwageukia wale watu, ambao walikuwa wamekula bukari yetu muda wote huo, akafungua mikono.

"Karibuni Kalemie," alisema. "Habari ya safari?"

Mzee akajibu kwamba ilikuwa njema, tunamshukuru Mungu. Shangazi, na hapa ndipo nilipoanza kumheshimu, akajishika kiuno akasema safari ilikuwa ndefu, amechoka sana, je, kuna maji ya kunywa? Kisha akanigeukia, akaonekana kushangaa, akauliza huyu binti mzuri ni nani. Kwa wakati huo alikuwa amekula chakula changu mpaka kitenge kimeanza kumbana.

Ilitokea shida ndogo ya mbuzi. Mmoja alikuwa amezaa njiani, kwa hiyo waliofika walizidi waliopakiwa. Baba alikataa kupokea mzigo uliozidi, na mzee alikataa kudai mzigo asioupakia. Yule mtoto wa mbuzi akaachwa gareni, akakulia pale, akawa anasimama mahali pa kusubiri kila honi ilipolia. Lakini mimi niliombwa, nikakubali, na mchumba wangu akaitwa kutoka bandarini kabla likizo yake haijaisha.

Siku nilipoondoka kwenda Kabalo, baba ndiye aliyeruhusu treni kwa bendera yake. Hakulia. Alipuliza filimbi kupita kiasi, mpaka dereva akachungulia kuuliza kama kuna tatizo.

Nilirudi kuwasalimia mwanangu wa kwanza alipokuwa ameanza kukaa mwenyewe. Uani mlango wangu ulikuwa palepale juu ya mawe, na ndagala wake. Sebuleni kulikuwa kimya. Treni ilikuwa imesimama kabla ya daraja la Lualaba, hatua moja kutoka chumba changu kisicho na mlango, na vumbi limejaa juu ya makopo. Nikamuuliza mama kama mota imekufa.

Mama alianza kucheka, kisha akaacha. Aliniambia kwamba siku ile niliyoondoka baba aliifuata safari yangu gare kwa gare. Bibi alimpa njia Niemba, na yeye, mama, akampa Nyunzu. Baba akafika kwenye daraja, akauliza Kabalo kama njia iko wazi, na hakuna aliyejibu. Mama alijitolea kujibu. Bibi naye alijitolea. Baba akasema shefu wa Kabalo hajajibu. Tangu siku hiyo treni za kweli zimekwenda na kurudi, na baba anajua, yeye ndiye anayeziondoa. Ya sebuleni haijasogea. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini anauliza mara moja, anangoja, kisha anavaa viatu. Betri anabadilisha.

Mwanzoni nilikasirika. Nilikuwa na jiko langu, nilikuwa nimegombana na shangazi tukapatana, nilikuwa na mtoto mgongoni, na kumbe kwa sheria ya kazi ya baba yangu nilikuwa bado nimeketi kwenye kopo la sadini upande huu wa mto, sijafika kwa mume wangu. Kisha hasira ikanitoka, nikabaki nimesimama pale bila kujua niweke wapi mikono.

Baba aliingia na kepi yake. Alituona. Hakutusalimia, hakumtazama mtoto. Alikwenda moja kwa moja Kalemie, dirishani, akanipa mgongo, akakohoa.

"Kabalo, njia iko wazi?"

Nilikwenda mlangoni kwangu. Nilimfungua mtoto mgongoni nikamweka kifuani, nikaliangalia daraja, nikaliangalia tanki upande wa kulia. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikutaka kumharakisha.

"Njia iko wazi, Papa."

Kopo likaguna. Treni ikavuka Lualaba polepole, ikiangusha vumbi mtoni, ikaja ikasimama chini ya tanki. Baba akatoa saa yake, akaitazama kwa makini sana.

"Imechelewa kidogo," alisema, ndipo akaja kumpokea mtoto.